Jinsi ya Kupata Kikundi cha Kusaidiana Katika Kuacha Pombe: Somo kwa Mlaji wa Kigoma, Ujiji na Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Ndugu mlaji, tunapozungumzia haki za mlaji, fikra za wengi huenda kwenye mizani ya dukani, tarehe ya mwisho wa matumizi na risiti. Lakini huduma nazo hutumiwa, na zina wema wake na ubovu wake. Huduma ya kumsaidia mtu kuacha pombe ni miongoni mwa zile ambazo mhitaji huzitafuta akiwa dhaifu, akiwa na aibu, na mara nyingi akiwa hana fedha. Mtu wa hali hiyo ni rahisi kupotoshwa, kutozwa fedha isiyostahili, au kukata tamaa kabla hajafika mlango sahihi. Somo hili linakusudia kumfikisha.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu tunayemtaja ni wa kubuni, ila hali yake inafahamika katika mialo yote ya ziwa letu. Yeye ni mvuvi wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi, baba wa watoto watatu. Siku za giza huvua usiku kucha kwa taa. Siku za mbalamwezi, taa zisipovuta dagaa, hukaa nchi kavu akiwa na fedha mfukoni. Zamani alikunywa siku hizo tu. Sasa hubeba chupa ya gongo hadi mtumbwini, na kila asubuhi mikono yake hutetemeka mpaka apate kikombe cha kwanza. Mara mbili wenzake wamemshika asitumbukie majini. Mkewe amesikia kwamba kuna watu hukutana wakasaidiana kuacha pombe. Aanzie wapi?

Baada ya kusoma somo hili utaweza:

1. kutambua dalili za uraibu wa pombe na hatari ya kuacha ghafla;
2. kueleza kikundi cha kusaidiana ni nini na hufanya kazi namna gani;
3. kujua mahali pa kuulizia katika Mkoa wa Kigoma na nje yake;
4. kupambanua kikundi chema na mtego;
5. kuchukua hatua iwapo mahali unapoishi hapana kikundi.

Sehemu ya Kwanza: Je, ni uraibu?

Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa pombe kuwa ugonjwa. Dalili zake kuu ni hizi: mtu hushindwa kujizuia anapoanza kunywa, huhitaji kiasi kikubwa zaidi kuliko zamani ili apate hali ileile, huendelea kunywa hata anapoona madhara katika afya, kazi na ndoa, huacha mambo aliyoyapenda kwa ajili ya pombe, na hupata mateso ya mwili anapoikosa. Mvuvi wetu, ambaye mikono yake hutetemeka alfajiri, anayo dalili hiyo ya mwisho, ambayo ndiyo yenye hatari ya karibu zaidi.

Shirika hilo pia lina kipimo chepesi cha maswali 10 kuhusu unywaji. Mhudumu wa afya anaweza kumuuliza mtu maswali hayo kwa dakika chache. Jumla ya alama 8 au zaidi humaanisha kwamba unywaji wake unastahili kuangaliwa kitaalamu. Kipimo hiki hakihitaji sindano wala maabara. Mwombe mhudumu akupime.

Sehemu ya Pili: Usalama kabla ya kikundi

Sehemu hii isirukwe. Watu wengi huamini kwamba kuacha pombe ni suala la nia tu, hivyo humfungia mgonjwa chumbani mpaka "itoke". Kwa mtu ambaye mwili umekwisha kuizoea pombe, jambo hilo laweza kumuua.

Saa 6 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, mraibu huanza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika, kukosa usingizi na kuingiwa na hofu. Katika siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne, baadhi huchanganyikiwa, huona au kusikia visivyokuwapo, na joto la mwili hupanda. Familia nyingine hudhani ni mapepo, wakapoteza saa ambazo zingemwokoa mtu wao. Hospitalini hali hii ina tiba: hutolewa dawa za kutuliza mwili kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, maji, na vitamini B1, ambayo mara nyingi huwa imepungua mwilini mwa mnywaji wa muda mrefu.

Kwa hiyo, mtu anayetetemeka asubuhi, au aliyewahi kupata degedege alipoacha, aende kwanza kwenye zahanati au kituo cha afya. Akihitaji huduma zaidi, atapewa rufaa, ikiwamo ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni iliyopo mjini Kigoma. Wenye makazi upande wa Kasulu wanaweza kufika Hospitali ya Kabanga. Katika siku hizo za mwanzo asipande mtumbwi, asiendeshe pikipiki wala asiachwe peke yake. Degedege linapompata mtu ziwani usiku, wenzake hawana la kufanya.

Aidha, mnywaji wa gongo anayelalamika kwamba macho yanaona ukungu, kichwa kinamuuma sana au anapumua kwa shida, apelekwe hospitali papo hapo. Pombe iliyotengenezwa pasipo udhibiti huweza kuwa na sumu ya methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Sheria inakataza utengenezaji na uuzaji wa gongo, lakini hilo lisikuzuie kumpeleka mgonjwa wala kumweleza daktari kwa ukweli alichokunywa. Daktari anahitaji ukweli huo ili ampe tiba sahihi.

Sehemu ya Tatu: Kikundi cha kusaidiana ni nini?

Hospitali huutoa mwili katika hatari. Hata hivyo mgonjwa hurudi nyumbani, na njia ya nyumbani hupita mbele ya kilabu kilekile na marafiki walewale. Kazi ya kikundi huanzia hapo. Kikundi cha kusaidiana ni mkusanyiko wa watu wenye tatizo moja, wanaokutana kwa ratiba, kila mmoja akieleza yaliyompata na namna anavyojizuia leo. Hakuna mwalimu wala mwanafunzi. Aliyetimiza miaka mitano bila kunywa hukaa kwenye benchi moja na aliyeacha jana.

Utaratibu unaofahamika zaidi duniani ni ule wa Alcoholics Anonymous, unaoitwa AA kwa kifupi. Historia yake ina fundisho kwa msomaji wa Kigoma. Mwezi Mei 1935, mfanyabiashara wa New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache alijikuta mgeni katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Biashara iliyompeleka ilikuwa imeharibika, na hotelini alikofikia kulikuwa na baa. Alihisi kwamba angeshindwa. Badala ya kuingia baa alichukua orodha ya makanisa, akampigia simu mchungaji asiyemjua, akaomba aelekezwe kwa mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Kupitia simu hiyo alikutanishwa na daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa imekaribia kumpokonya kazi. Daktari alikubali kukaa naye dakika 15 tu. Wakazungumza kwa saa nyingi. Chama hicho huhesabu kuwa kilizaliwa tarehe 10 Juni 1935, siku ambayo daktari yule alikunywa kwa mara ya mwisho. Hawakuwa na jengo, mfadhili wala cheti. Walikuwa watu wawili tu waliohitajiana.

Kanuni za AA zinazomhusu mlaji ni chache na ni vyema uzijue, kwa kuwa zitakusaidia kupima kikundi chochote:

(a) Sharti pekee la kujiunga ni nia ya kuacha kunywa.
(b) Hakuna ada. Kikundi hujiendesha kwa michango ya hiari ya wanachama wenyewe.
(c) Majina ya waliohudhuria hayatangazwi nje.
(d) Kikundi hakifungamani na dini, chama cha siasa wala kampuni yoyote. Mafundisho yake yanamtaja Mungu, lakini kila mmoja huachiwa amwelewe kwa imani yake; Mwislamu wa Ujiji na Mkristo wa Mwanga wanaweza kukaa pamoja.
(e) Kuna mikutano ya wazi, ambayo mtu yeyote anaweza kuingia kusikiliza, na mikutano ya faragha, ambayo ni ya wenye tatizo pekee. Mwanafamilia aulize kwanza mkutano ni wa aina gani.

Sehemu ya Nne: Mahali pa kuulizia

Fuata mpangilio huu. Ukikosa jibu hatua moja, nenda inayofuata.

1. Kituo cha afya au hospitali. Ulizia mhudumu wa afya ya akili. Usiishie kusema "nataka msaada". Uliza mambo matatu: je, kuna ushauri nasaha kwa waraibu wa pombe na hutolewa siku gani? Je, kuna wagonjwa waliopata nafuu ambao wako tayari kuzungumza na mwenzao? Je, mnafahamu kikundi chochote kinachokutana, hata kama hakijaandikishwa? Swali la pili ndilo lenye thamani kubwa, kwa sababu mtu mmoja aliyepona huwa ni mwanzo wa kikundi.

2. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, iwe ni Manispaa ya Kigoma-Ujiji, Uvinza, Kasulu, Buhigwe au nyingine. Afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii hufahamu vikundi na asasi zinazofanya kazi katika eneo lao. Mtendaji wa mtaa au wa kijiji anaweza kukuelekeza kwao. Huna wajibu wa kumweleza mtendaji shida yako. Inatosha kusema kwamba unamtafuta afisa huyo.

3. Simu za bure. Namba 199 ni ya Wizara ya Afya, kwa taarifa za huduma za afya. Namba 119 ni ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Mamlaka hiyo inahusika na dawa za kulevya, lakini nyumba nyingi za upataji nafuu huwapokea waraibu wa pombe pamoja na wa dawa hizo, kwa hiyo ni mahali panapofaa kuulizia nyumba inayotambulika.

4. Viongozi wa dini. Mchungaji, padri au imamu hujua familia zilizoguswa. Tunafahamu kwamba Ujiji, mji wenye Waislamu wengi, mnywaji huona haya maradufu, hivyo hujificha mpaka ugonjwa umekomaa. Chagua kiongozi unayemwamini, umwombe faragha kabla hujaanza kueleza.

5. Mikutano ya mbali. Anayeishi Kagunga karibu na mpaka wa Burundi, au Kalya kusini mwa mwambao, hawezi kupanda boti kila juma kwa ajili ya mkutano wa saa moja. AA huendesha mikutano kwa simu na kwa intaneti, na vipo vikundi vyake katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki. Kabla ya kujiunga uliza lugha ya mkutano, saa kwa majira ya Tanzania, na kiasi cha bando kinachohitajika. Jiunge kwa sauti pekee, bila video. Utapunguza gharama na kulinda faragha yako.

6. Rufaa nje ya mkoa. Ikiwa hali ni nzito, daktari anaweza kumpeleka mgonjwa Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma, mji ambao treni ya Reli ya Kati itokayo Kigoma huupitia. Nenda na barua ya rufaa mkononi.

Sehemu ya Tano: Maswali ya kuuliza kabla ya kujiunga

Mlaji mwema huuliza kabla ya kulipa, na hapa huuliza kabla ya kufungua moyo wake. Uliza haya:

1. Mnakutana wapi, siku gani na saa ngapi? Kikundi kilicho hai kina ratiba.
2. Je, kuna malipo? Kama yapo, ni ya nini, na nitapewa risiti?
3. Nani huongoza, naye huchaguliwa vipi?
4. Yanayosemwa hapa hulindwaje? Je, mnapiga picha au mna kundi la simu lenye majina yetu?
5. Mtu akirudia kunywa, hufanywa nini? Jibu jema ni kwamba hupokewa tena. Kurudia ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu, na anayefukuzwa kwa aibu hurudi kilabuni.
6. Je, mnashirikiana na kituo cha afya iwapo mtu atazidiwa?
7. Je, wanawake wana nafasi ya kuzungumza wenyewe kwa wenyewe? Mwanamke mnywaji husengenywa zaidi ya mwanamume, na wengi hawataongea mbele ya majirani wa kiume.

Hudhuria angalau mara tatu kabla ya kukata shauri. Mkutano wa kwanza huwa mgumu kwa kila mtu, na hakuna anayekulazimisha kuzungumza. Unaweza kukaa, ukasikiliza, ukaenda zako.

Sehemu ya Sita: Dalili za mtego

Jiepushe na anayefanya mojawapo ya haya:

- Anaahidi uponyaji wa hakika kwa siku chache, na anataka fedha yote mapema.
- Anauza unga au maji ya kumwekea mnywaji kwenye chakula bila yeye kujua. Zipo dawa ambazo, zikikutana na pombe mwilini, hushusha shinikizo la damu na kuathiri moyo. Kumpa mtu dawa hizo kwa siri kwaweza kumuua, na aliyemwekea ndiye atakayeulizwa.
- Anakataza mgonjwa kutumia dawa za hospitali.
- Anamfunga kamba au minyororo, anampiga, au anamnyima chakula kwa jina la matibabu.
- Anachukua kitambulisho, simu au kadi ya benki ya mgonjwa, au kukataa asitembelewe na ndugu.
- Anataka ushuhuda wako urekodiwe ili atangaze huduma yake.

Mtoa tiba asili anapaswa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Mwombe cheti. Aliyesajiliwa hukionyesha bila ugomvi.

Sehemu ya Saba: Iwapo hakuna kikundi karibu

Inawezekana umeuliza kote na jibu likawa kwamba hapana. Usihesabu kuwa safari imekwisha. Kwa desturi ya AA, watu wawili wanaokutana ili wasinywe wanatosha kuitwa kikundi. Watu wa mwambao wanajua kuunda vikundi: VICOBA, vyama vya kuzikana na vikundi vya wachuuzi wa dagaa vyote vilianza na watu wachache waliokubaliana siku na saa.

Mwombe mhudumu wa afya akukutanishe na mtu mmoja aliyeacha. Chagueni mahali pasipouza pombe, kama vile darasa la shule baada ya masomo au chumba cha zahanati. Wekeni kanuni nne tu: hatunywi siku ya mkutano, hatukatizani maneno, hatutoi siri nje, hatukopeshani fedha. Kutaneni kwa saa moja, kila juma, hata mkiwa wawili.

Pangeni ratiba kwa kufuata kazi. Kwa mvuvi, hatari kubwa ipo katika siku za mbalamwezi. Siku hizo mkutane mara nyingi zaidi. Vivyo hivyo kwa vipindi vya kupumzisha ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu ya kukaa bila kazi yataka mpango kwa mtu anayepona. Mwombe mwenzio namba ya simu ya kupiga pale hamu inapokuja, kwani hamu haingoji siku ya mkutano.

Sehemu ya Nane: Familia nayo ina haki

Mke wa mvuvi wetu hana sababu ya kungoja mumewe akubali ndipo atafute msaada. Mwaka 1951 wake wa wanachama wa AA nchini Marekani waliunganisha vikundi vyao na kuanzisha Al-Anon, kwa ajili ya ndugu na jamaa wa wanywaji, baada ya kuona kwamba wao pia walikuwa wameumia. Anaweza kwenda kwa afisa ustawi wa jamii peke yake. Asimlipie mumewe madeni ya kilabuni, asiseme uongo kwa tajiri wa mtumbwi kwa niaba yake, na asibishane naye akiwa amelewa. Azungumze naye asubuhi, kwa maneno machache. Panapokuwa na kipigo, usalama wake na wa watoto hutangulia mengine yote: aende polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa jambo linalomhusu mtoto, namba 116 hupigwa bure.

Sehemu ya Tisa: Pa kupeleka malalamiko

Tangazo la uongo au udanganyifu wa kibiashara: Tume ya Ushindani. Dawa isiyosajiliwa: Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Picha au taarifa zako za afya kusambazwa bila ridhaa: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2022. Kufungwa au kupigwa: polisi. Hifadhi risiti, ujumbe wa simu na tarehe.

Zoezi

1. Taja dalili mbili zinazomlazimu mtu kwenda hospitali kabla ya kuacha pombe.
2. Jirani anataka kuuza mbuzi ili anunue unga wa siri wa kumwachisha mwanawe pombe. Utamshauri nini?
3. Andika majina ya watu watatu katika mtaa au kijiji chako unaoweza kuwauliza kesho.

Hitimisho

Turudi Kibirizi. Mvuvi wetu hahitaji kuapa leo kwamba hatakunywa maisha yake yote. Anahitaji kumwambia tajiri wa mtumbwi kwamba giza hili hatakwenda ziwani, kufika zahanati pamoja na mkewe asubuhi, kusema kwa ukweli anakunywa nini na kiasi gani, na kabla ya kuondoka kuuliza swali moja: "Je, kuna mtu hapa aliyeacha, ambaye naweza kuongea naye?" Mhudumu akijibu kwamba yupo, aombe wakutane siku hiyohiyo. Akijibu kwamba hayupo, aache namba yake ya simu, ili atakayekuja kuuliza swali hilo baada yake ampate yeye.